Kuwakopesha wajasiriamali wadogo wa nchi nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msomaji aliyeko Minneapolis, Muscat, London au Nairobi, aliyesikia kwamba kwa dola 25 anaweza kumkopesha mama mwenye genge Uganda au fundi cherehani Ufilipino, akarudishiwa pesa yake, akaikopesha tena. Ni ya yule wa upande wa pili pia, ambaye picha yake imepigwa na afisa mikopo na angependa kujua imeenda wapi. Tumeegemea zaidi Kiva kwa kuwa ndiyo inayojulikana na wengi. Hesabu zote za shilingi ni za mfano, na unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu.

Kiva ni nini, na ilianzia wapi?

Ni shirika lisilotengeneza faida lenye makao San Francisco, Marekani. Lilianzishwa mwaka 2005 na Matt Flannery na Jessica Jackley. Mikopo yake ya kwanza haikutolewa mbali na kwetu. Ilikwenda Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, kwa wajasiriamali 7, jumla dola 3,500. Hata jina lenyewe waanzilishi walilieleza kuwa la Kiswahili, kwa maana ya umoja au makubaliano, ingawa ukiketi barazani leo hulisikii likitumika hivyo.

Wazo la mikopo midogo ni la zamani kuliko Kiva. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake. Jaribio hilo likakua hadi kuwa benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kiva iliongeza jambo moja: mtu wa kawaida aliyeko mbali naye aweze kuchangia mtaji huo kupitia intaneti.

Nikishakopesha, pesa yangu inapita wapi hadi kumfikia mkopaji?

Hapa ndipo wengi wanapoelewa vibaya, kwa hiyo tuende taratibu.

Kiva haina tawi Mwanza wala Goma. Inafanya kazi na taasisi za fedha za mahali husika, zinazoitwa taasisi washirika. Kwetu Afrika Mashariki na Kongo zimewahi kuwamo Yehu ya Mombasa, Tujijenge Tanzania, BRAC Uganda na Hekima ya Goma. Afisa mikopo wa taasisi ndiye anayemtembelea mteja, anayeikagua biashara, anayeandika maelezo na kupiga picha. Maelezo hayo hupandishwa kwenye tovuti, na wakopeshaji kutoka kila pembe huchangia dola 25, 25 hadi kiasi kitimie. Kwa kawaida mkopo hupewa siku 30 za kuchangiwa. Usipotimia, kila mmoja hurudishiwa chake.

Kitu ambacho picha haikwambii ni kwamba mara nyingi mama huyo tayari ameshapewa mkopo wake kabla hujamwona. Taasisi humkopesha kwa mtaji wake yenyewe, kisha michango ya wakopeshaji huja kuziba pengo. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman aliliandika jambo hili waziwazi, wakopeshaji wengi wakashtuka, na Kiva ikarekebisha namna inavyolieleza. Utaratibu wenyewe una sababu njema: mfanyabiashara wa mitumba akisubiri mwezi mzima watu wa Ulaya wamchangie, robota alilolitaka litakuwa limeshanunuliwa na mwingine. Lakini matokeo yake ni kwamba pesa yako kwa kweli inaikopesha taasisi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kumsoma mama ni hili: taasisi inayosimama katikati ni ya namna gani? Karibu majibu yote yanayofuata yanarudi hapo.

Nahitaji nini kuanza?

Barua pepe, kadi ya benki au akaunti ya PayPal, na dola 25, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha kuanzia kwa mkopo mmoja. Unapofika kwenye malipo utaona mchango wa hiari kwa Kiva umeshajazwa. Hiyo ni sadaka, hairudi. Ukitaka kutoa, toa. Usipotaka, badilisha namba iwe sifuri kabla ya kubonyeza. Tumeona watu wakilipa bila kusoma, baadaye wakadhani wameibiwa.

Kutoa pesa nje ya akaunti hufanyika kupitia PayPal. Kama unaishi nchi ambayo PayPal inaruhusu kulipa tu bila kupokea, jua hilo mapema, maana marejesho yako utaweza kuyakopesha tena lakini si kuyatia mfukoni.

Nitapata faida gani?

Ya fedha, hakuna. Mkopeshaji wa Kiva hapati riba yoyote. Ukikopesha dola 25 na zote zikarudi, utapata dola 25, ambazo kwa kupanda kwa bei zitakuwa zimepungua nguvu kidogo. Ipo mifumo mingine, kama Lendahand ya Uholanzi, inayomlipa mkopeshaji riba. Huo ni uwekezaji, una hatari ya kupoteza mtaji, na uusome kama unavyosoma mkataba wa uwekezaji.

Kama mimi sipati riba, mbona mkopaji anatozwa?

Kwa sababu taasisi ina gharama zake. Afisa mikopo hupanda bodaboda kufika kijijini, hukaa na kikundi saa mbili, hurudi wiki ijayo na ile ijayo. Tuseme kazi yote ya kushughulikia mkopo mmoja inagharimu dola 30. Kwa mkopo wa dola 20,000 gharama hiyo ni chembe tu. Kwa mkopo wa dola 200 ni asilimia 15 kabla hata taasisi haijafikiria wasiolipa au gharama ya kupata mtaji. Ndiyo maana riba ya asilimia 30 hadi 40 kwa mwaka ni jambo la kawaida katika mikopo midogo. Mtaji wa Kiva usio na riba huipunguzia taasisi mzigo mmoja tu kati ya hiyo, na taasisi nyingine hulipa ada kwa Kiva.

Ila kiwango cha riba peke yake hakikwambii kitu mpaka ujue kinavyohesabiwa. Chukua mkopo wa sh 600,000 wa miezi 6, riba asilimia 3 kwa mwezi.

Taasisi ya kwanza inahesabu riba juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, hata kama mteja ameshalipa nusu. Riba ni 18,000 kila mwezi mara 6, yaani 108,000. Mteja analipa jumla 708,000, sawa na rejesho la 118,000 kwa mwezi.

Taasisi ya pili inahesabu riba juu ya deni lililobaki. Mteja akipunguza 100,000 kila mwezi, riba inakuwa 18,000, kisha 15,000, 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000. Jumla 63,000.

Zote mbili zimeandika "asilimia 3" kwenye bango. Tofauti ni sh 45,000, ambazo kwa mama lishe ni mchele wa siku kadhaa. Riba ile isiyopungua, ukiigeuza ihesabiwe kwa deni lililobaki, inakaribia asilimia 5 kwa mwezi.

Kisha ongeza makato ya mlangoni. Ada ya fomu asilimia 2 ni 12,000. Akiba ya lazima asilimia 10 ni 60,000, ambayo taasisi inaishikilia hadi mkopo uishe. Mteja anaondoka na 528,000 mkononi, huku riba ikihesabiwa juu ya 600,000. Kwa mpango huo gharama halisi inavuka asilimia 6 kwa mwezi, ingawa hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja. Ukiona taasisi inaeleza gharama yote ya mkopo, pamoja na ada na akiba ya lazima, kwa namba moja ya mwaka, hiyo imekuheshimu wewe na mteja wake.

Mimi ni Mwislamu. Je, hii si riba?

Wewe hupokei zaidi ya ulichotoa, kwa hiyo upande wako unafanana na kardhi hasan, yaani mkopo mwema usio na nyongeza. Lakini taasisi inamtoza mkopaji, na wako wanaoona kwamba kutia mtaji kwenye muamala wa riba ni kushiriki. Hilo muulize sheikh unayemwamini, ukiwa umemweleza mzunguko wote kama tulivyoueleza hapo juu.

Kuna taasisi za mikopo midogo zinazotumia murabaha. Taasisi inanunua cherehani kwa sh 500,000, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa sh 560,000 kwa awamu, na bei hiyo haipandi hata akichelewa. Kagua jambo moja: nani alinunua bidhaa? Ukisoma maelezo ukakuta mteja alipewa pesa taslimu akaenda sokoni mwenyewe kwa matumizi yake, murabaha hiyo imebaki jina.

Nichagueje mkopo wa kuchangia?

Anza na ukurasa wa taasisi, kisha ndipo usome habari za mkopaji.

Tafuta asilimia ya mikopo ya taasisi hiyo ambayo rejesho lake limechelewa zaidi ya siku 30. Wanaoijua kazi hii hupenda iwe chini ya asilimia 5. Ikivuka 10, kuna tatizo: ama maafisa mikopo wanakopesha ovyo, ama eneo limepatwa na ukame, vita au mafuriko. Sababu ya pili si kosa la mtu, na pengine ndiko mtaji unakohitajika zaidi, lakini ingia ukijua. Ogopa vilevile taasisi inayokua kwa kasi isiyo ya kawaida. Kuongeza wateja maradufu kwa mwaka mmoja maana yake ni kuajiri maafisa wapya wengi wasiojua mitaa, wanaopimwa kwa idadi ya mikopo waliyotoa.

Angalia gharama kwa mkopaji kwa jicho tulilolieleza. Angalia pia kama taasisi inapata faida kubwa mno, maana faida hiyo imetoka mfukoni mwa wateja.

Baada ya hapo soma mkopo wenyewe, na linganisha mzunguko wa biashara na mpangilio wa marejesho. Hapa ndipo mikopo mingi mizuri huharibika.

Chukua ufugaji wa kuku wa nyama. Mtu anakopa zile 600,000 anunue vifaranga 200 na chakula, kwa masharti ya kulipa zile 708,000 za taasisi ya kwanza kila wiki kwa wiki 24, yaani sh 29,500 kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza. Kuku wa nyama huuzwa wakifika wiki 5 hadi 6, na kila mmoja hula karibu kilo 3.5 hadi 4 mpaka hapo. Kuku 200 ni kilo 700 hadi 800, mifuko 14 hadi 16 ya kilo 50. Kufikia wiki ya tano, kabla hajauza hata mmoja, ameshalipa 147,500. Pesa hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Sasa kuku wanapunjwa, wanachelewa kufikia uzito, mnunuzi anashusha bei, na hasara inaanza kwa kitu ambacho si uvivu wala ujinga wa mfugaji. Mkopo huohuo kwa muuza samaki wa kukaanga anayeuza kila jioni ungelipika vizuri.

Kilimo ni vivyo hivyo. Mkulima wa mahindi anapata pesa wakati wa mavuno, kwa hiyo rejesho la kila wiki linamlazimisha auze mbuzi au akope kwingine. One Acre Fund, iliyoanza Bungoma nchini Kenya mwaka 2006, ilipita njia nyingine: mkulima anakopeshwa mbegu na mbolea badala ya pesa, na analipa kidogokidogo kwa kiasi anachoweza hadi mwisho wa msimu. Ukiona mkopo wa kilimo, tafuta mpangilio wa namna hiyo au wa kulipa baada ya mavuno.

Usichague kwa tabasamu la pichani. Tunajua picha ndiyo inayogusa moyo, na hakuna ubaya kuguswa, lakini picha imepigwa na taasisi.

Dhamana ya kikundi inafanyaje kazi?

Mkopaji mdogo hana hati ya nyumba wala kadi ya gari. Badala yake, wenzake wanamdhamini. Mtindo wa Grameen ni kikundi cha watu 5, na vikundi kadhaa hukutana pamoja kila wiki.

Mkutano wenyewe unafanana Mbagala na Kisumu. Ni asubuhi, wanawake 25 wamekaa kwenye mikeka kwa safu za watu watano watano. Mweka hazina ana daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula. Kila mmoja akiitwa jina anasogea na kitabu chake cha marejesho, noti zikiwa zimekunjwa ndani yake. Zinahesabiwa mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Jumla ikipungukiwa 29,500, yaani rejesho la mtu mmoja, hakuna anayeondoka. Simu inapigwa, haipokelewi. Mwenyekiti anatuma watu wawili nyumbani kwa asiyefika. Wenye biashara za asubuhi wanaanza kuhangaika, maana vitumbua vinapoa na wateja wanapita. Mwishowe kila mmoja anatoa kidogo, deni linazibwa, na aliyekosekana sasa anadaiwa na majirani zake.

Siku njema, huko ni kubebana, na ndiko kunakofanya mikopo midogo irudi kwa kiwango ambacho benki kubwa hukionea wivu. Siku mbaya, shinikizo hilo linavunja undugu: watu wanakopa huku wakalipe kule, na godoro au televisheni inachukuliwa na wanakikundi wenyewe. Taasisi nzuri ina utaratibu ulioandikwa wa kumwongezea muda aliyeugua au kufiwa, na inakataza wazi kuchukua vyombo vya ndani. Waandikie uwaulize. Taasisi inayojua kazi yake hujibu.

Malipo kwa simu yamepunguza baadhi ya adha hizi. M-Pesa yenyewe, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa na wateja wa Faulu Kenya ili walipie marejesho ya mikopo yao midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na mengine mnayajua.

Ni nini hufanya pesa isirudi?

Kwa ujumla takriban asilimia 96 ya mikopo ya Kiva hurudi. Asilimia 4 inayobaki ina sababu tofauti tofauti, na zinafaa kutofautishwa.

Ipo ya mkopaji mwenyewe: ugonjwa, msiba, soko kuungua, mwizi. Taasisi nyingi hubeba hasara ndogo za namna hiyo ili rekodi yao isichafuke, kwa hiyo huenda usijue kabisa.

Ipo ya mkopo wa jina la mwingine. Mama anakopa, pesa inachukuliwa na mume au jirani aliyenyimwa mkopo, na mwenye jina anabaki kulipa kitu asichokitumia. Afisa anayetembelea biashara baada ya wiki mbili hugundua. Anayekaa ofisini hagundui.

Ipo ya taasisi kufilisika au kufanya udanganyifu: wakopaji hewa, kiasi kilichoongezwa, marejesho yaliyopokewa yasipelekwe. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu taasisi moja ikianguka, mikopo yako yote iliyopitia kwake inaanguka pamoja. Kama una dola 200, zigawe kwa taasisi 8 za nchi tofauti, dola 25 kila moja. Kuzigawa kwa wakopaji 8 wa taasisi moja hakukukingi.

Na ipo ya thamani ya sarafu. Mkopaji analipa kwa shilingi, wewe unadai dola. Tuseme wakati wa kukopesha dola 1 ni sh 2,300. Dola 25 zako ni sh 57,500. Shilingi ikishuka hadi 2,700 kwa dola, zile 57,500 zote zikilipwa zinakuwa dola 21.30. Kwa mikopo mingi ya Kiva taasisi hubeba mshuko wa hadi asilimia 10, na unaozidi hapo unamwangukia mkopeshaji. Kila mkopo una maelezo ya kama hasara ya sarafu imekingwa au la. Yasome hasa kwa nchi ambazo sarafu yake imekuwa ikiporomoka.

Je, mikopo hii inawatoa watu kwenye umaskini?

Si kama ilivyohubiriwa zamani. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita, zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilizolinganisha watu waliofikiwa na mikopo midogo na wasiofikiwa. Zilikuta faida ya kiasi: biashara zilipata nafasi ya kupanuka, watu walipata uhuru zaidi wa kupanga mambo yao, lakini kipato cha kawaida cha familia hakikupaa.

Upande wa madhara nao upo. Mwaka 2010, katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, taasisi zilikuwa zimekopesha watu walewale mara tatu na nne, madeni yakawazidi, habari za watu kujiua zikaenea, na serikali ya jimbo ikaibana sekta nzima. Tanzania tunalo neno letu wenyewe kwa jambo hili, kausha damu, na neno la namna hiyo halitungwi bila watu kuumia.

Msimamo wetu ni kwamba mkopo unamfaa mtu mwenye biashara inayozunguka tayari, aliyekosa mtaji wa kuongeza mzigo. Mtu asiye na chakula cha kesho hafai kupewa deni. Kama moyo wako uko kwa huyo wa pili, mpe msaada usiodaiwa.

Kwa nini nisimtumie ndugu yangu moja kwa moja?

Unaweza, na kwa wengi ndiyo njia ya asili. Shida si mapenzi, ni kudai. Shangazi akichelewa kulipa, utamfuata? Kama jibu ni hapana, huo haukuwa mkopo, na ni heri uuite zawadi tangu mwanzo ili usije ukanuna. Kama ni mkopo kweli, andikeni kiasi, tarehe za kulipa na shahidi mmoja anayeheshimiwa na pande zote, na umlipie muuza bidhaa moja kwa moja inapowezekana.

Kwa asiye ndugu, upo mfumo wa Zidisha, ulioanzishwa na Julia Kurnia mwaka 2009, wenye jina la Kiswahili safi. Wenyewe uliiondoa taasisi ya katikati: mkopaji na mkopeshaji wanawasiliana kwa intaneti. Gharama kwa mkopaji hushuka sana, lakini hakuna afisa wa kumtembelea anayechelewa, kwa hiyo hatari ya kutolipwa ni kubwa zaidi.

Sisi wa ughaibuni tunataka kuiongezea mtaji VICOBA ya kijijini kwetu. Ni wazo zuri?

Tafadhali msifanye haraka. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo huu vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na nguvu yake yote iko kwenye jambo moja: pesa iliyo sandukuni ni ya wanachama wenyewe. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mtu anayechelewa kulipa anajua kwamba amekalia hisa za jirani yake. Mkimwaga milioni tano kutoka nje, hesabu ya hisa inavurugika, watu wanajiunga kwa ajili ya pesa yenu, na deni linakuwa "la wale wa Ulaya".

Kinachosaidia ni vitu visivyovuruga hisa: kulipia mafunzo ya utunzaji wa vitabu, sanduku na madaftari, au nauli ya mkufunzi kwa mzunguko mmoja wa miezi 9 hadi 12. Kikundi kikikomaa na kutaka zaidi, kiunganisheni na SACCOS au benki.

Mimi ni mfanyabiashara. Naombaje mkopo Kiva?

Kwa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo huombi Kiva. Unakwenda kwenye taasisi mshirika iliyo karibu nawe, unafuata masharti yake kama mteja mwingine yeyote, na yenyewe ndiyo inaamua kama mkopo wako utawekwa kwenye tovuti. Utaombwa idhini ya picha na maelezo yako. Soma unachosaini, na uliza kama ukikataa picha utakosa mkopo.

Mtu akikufuata WhatsApp au Facebook akisema ni wakala, na kwamba utume sh 30,000 ya "kufungua mkopo", huyo ni tapeli. Hakuna mkopo wa Kiva unaofunguliwa kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu.

Kwa wanaoishi Marekani hali ni tofauti. Huko Kiva hukopesha moja kwa moja hadi dola 15,000 bila riba. Kwanza unapewa siku 15 za kutafuta idadi fulani ya watu unaowajua, isiyozidi 35, kila mmoja akuchangie angalau dola 25. Ukishindwa hatua hiyo, ombi halifiki mbele ya umma. Waliokwama wengi walikwama hapa, kwa kudhani tovuti itawatafutia watu. Andika orodha ya majina 50 ya ndugu, wateja, waumini wenzako na majirani kabla hujatuma ombi, na uwaeleze mapema kwamba ni mkopo, si harambee. Baada ya hapo ndipo siku 30 za umma zinaanza.

Nijuaje kama taasisi ya nyumbani ni halali?

Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imezigawa taasisi katika madaraja manne, na hata mkopeshaji binafsi anatakiwa leseni. Uganda, wakopeshaji wa daraja la nne wako chini ya sheria ya mwaka 2016 na mamlaka yake, UMRA. Kenya, benki za mikopo midogo husimamiwa na Benki Kuu, SACCO kubwa na mamlaka yake, SASRA, na wakopeshaji wa kwenye simu walianza kudaiwa leseni ya Benki Kuu mwaka 2022. Omba namba ya leseni, kisha uilinganishe na orodha ya msimamizi mwenyewe.

Nikitaka kujitoa?

Pesa iliyokwishakopeshwa haitoki kabla mkopaji hajalipa, hata ukiwa na dharura. Kwa hiyo usikopeshe karo ya watoto. Zima kwanza mpangilio wa kukopesha tena moja kwa moja, la sivyo kila rejesho linaloingia litatoka tena. Kisha subiri, na kila kiasi kinaporudi uhamishie PayPal. Mikopo mingi ni ya miezi 8 hadi 14, ya kilimo na ya elimu huenda mbali zaidi. Ukijua unaweza kuihitaji pesa ndani ya mwaka, chagua tangu mwanzo mkopo mfupi unaolipwa kila mwezi, na epuka ule unaolipwa wote kwa mkupuo mwishoni.